Rasimu ya kwanza usiitume, kaa na mteja

Ukimtumia mteja picha ya tovuti yake kwa WhatsApp na kuandika chini yake "naomba maoni", basi jua maoni atayatafuta kweli. Picha itaingia kwenye grupu la familia. Shemeji atasema rangi imepoa, mpwa aliyesoma kompyuta atataka vitufe viwe vya duara, na ikifika jioni utapokea orodha ya mabadiliko ambayo mteja mwenyewe hawezi kukueleza sababu yake. Hapo hana kosa lolote. Aliombwa maoni, akayakusanya.

Mimi na wenzangu wachache tunatengeneza tovuti hapa Dar es Salaam. Wateja wetu ni nyumba za wageni za Unguja, kampuni za kupeleka watalii mbugani, zahanati, shule. Studio ni ndogo, kwa hiyo anayechora ndiye anayepokea simu na ndiye anayefuatilia malipo. Kwa wenye studio kama yetu nina ushauri mmoja ninaouamini kuliko mwingine wowote: rasimu ya kwanza mwonyesheni mteja mkiwa mmekaa naye.

Picha ya tovuti haibonyezeki. Tena WhatsApp huibana picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida, herufi nyembamba zikaonekana kama zimefutikafutika, na mteja akadhani hivyo ndivyo zilivyo. Weka rasimu kwenye linki ya majaribio, kisha aifungue kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake. Kompyuta yako yenye kioo kikubwa iache kwenye begi. Wateja wake wengi watakuja na simu, na kama picha ulizoweka ni nzito kupita kiasi, ni vizuri nyote wawili mzisubiri pamoja zikifunguka.

Halafu mpe kazi ya kufanya. Mwambie, "Tuseme wewe ni mgeni, uko Ujerumani, unatafuta chumba cha watu wawili mwezi wa nane. Tafuta bei." Ukishasema hivyo, nyamaza. Hili la kunyamaza ndilo gumu, maana mtu aliyechora hutamani kueleza kila kona. Vumilia. Tazama kidole chake kinasita wapi.

Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Jambiani alitaka namba ya simu iandikwe kwa rangi nyekundu, kubwa, juu ya kila ukurasa. Tungeweza kubishana naye kuhusu uzuri mpaka kesho. Nilimuuliza, "Dada, wageni wakikupigia huwa wanauliza nini?" Akajibu bila kufikiri: bei ya chumba, na kama anafuata wageni uwanja wa ndege. Majibu hayo mawili ndiyo yaliyokosekana kwenye ukurasa wa mwanzo. Tukayaweka juu kabisa, na suala la wekundu likaisha bila mtu kulizuia. Tangu hapo, mteja akiniambia kitu kiwe kikubwa au kiwe kikali, najua kuna jambo analohofia watu hawatalipata, na kazi yangu ni kumuuliza ni jambo gani.

Rangi nazo zina mahali pake pa kujadiliwa: nje, juani. Kijivu cha kupendeza ndani ya ofisi yenye kiyoyozi hupotea kabisa ukisimama kituo cha daladala saa saba mchana. Mteja akishakodoa macho mwenyewe, ndipo nimwambie kuwa kuna kipimo. Mwongozo wa WCAG, yaani wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wasioona vizuri, wa shirika la W3C linaloweka viwango vya wavuti, unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida utofautiane na wa rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Ukianza na namba, mteja ataona unamfundisha. Ukianza na jua, namba inakuja kuthibitisha alichokwisha kukiona.

Hakikisha mwenye kauli ya mwisho yupo. Kwenye biashara za familia, kijana anayezungumza na wewe kila siku mara nyingi siye anayelipa. Kama ni mzee ndiye anayeamua, subirini mzee apate nafasi, mwamkie, umuulize biashara ilianzaje. Katika mazungumzo hayo utapata maneno ya ukurasa wa "Kuhusu sisi" ambayo hakuna dodoso litakalokupa.

Mkimaliza, siku hiyo hiyo andika mlichokubaliana: nini kinabadilika, nini kimebaki na kwa nini, nani analeta picha na orodha ya bei, na lini. Hapa ndipo WhatsApp inapofaa sana. Mteja akijibu kwa sauti, sikiliza, kisha mwandikie ulivyoelewa, kwa sababu baada ya wiki hakuna atakayekumbuka neno lile lilikuwa dakika ya ngapi. Na picha mwombe azitume kama dokumenti ili zisibanwe.

Aliye mbali mpigie kwa video. Mtandao ukisumbua, simu ya kawaida inatosha, yeye akifungua linki huku mnaongea. Akikwambia "nitumie tu, nitaangalia nikipata nafasi", muulize nafasi ataipata saa ngapi, upange simu saa hiyo, na linki umtumie dakika chache kabla ya kupiga.