Gitaa bila waya chumbani: mita 30 za nini?

Ujumbe wa msomaji ulikuwa hivi: "Shikamoo kaka. Nina gitaa la umeme umbo la Strat, amplifaya ya wati 15, na chumba kimoja cha kupanga. Waya unaninasa miguuni kila nikisimama. Nimeona vile vidude viwili vya kuchomeka, kimoja kwenye gitaa kingine kwenye amplifaya, vimeandikwa mita 30. Bei zinapishana mno. Nichukue kipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hizo mita 30 zisahau kwanza. Zimepimwa uwanjani, transmita (kidude cha kwenye gitaa) na risiva (cha kwenye amplifaya) zikionana, bila ukuta na bila mwili wa mtu katikati. Chumba cha kupanga kina mita 3 kwa 4, na hakuna kifaa cha aina hii sokoni kinachoshindwa umbali huo. Muuzaji anaikuza namba hiyo kwa sababu ndiyo anayoielewa. Yanayotofautisha cha bei ya chini na cha bei ya juu ni mengine: sauti inachelewa kiasi gani, pini inaingiaje kwenye gitaa lako, pikapu zako (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) ni za aina gani, na betri inadumu vipi.

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, hakikisha waya wenyewe ndio tatizo. Waya wa mita 3, wenye pini iliyopinda upande wa gitaa, uliopitishwa nyuma ya mkanda wa bega kabla ya kuchomekwa, haukunasi mguu wala haung'oki ukiukanyaga. Kama unakrikrisha ukiutikisa karibu na pini, risasi imeachia. Fundi redio anaichomelea kwa dakika chache. Na kama kinachokusumbua ni jirani anayegonga ukuta saa nne usiku, kifaa kisicho na waya hakitamnyamazisha. Hapo unahitaji kiamplifaya cha kuchomeka kwenye gitaa na kusikiliza kwa hedifoni, mfano Vox amPlug au Fender Mustang Micro.

Jambo la kwanza la kuuliza dukani ni kuchelewa kwa sauti, yaani muda kati ya kidole kugusa uzi na spika kulia. Hupimwa kwa milisekunde. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde 3 ni kama kurudi nyuma mita moja kutoka kwenye spika. Kifaa chenye milisekunde 6 kinakuweka mita 2 mbali na amplifaya, na hakuna mpiga gitaa anayelalamika kusimama mita 2. Boss WL-20 imetangazwa kwa milisekunde 2.3, Xvive U2 chini ya 6. Kwa amplifaya ya kawaida tofauti hiyo huisikii.

Utaisikia ukipiga kupitia kompyuta. Kadi ya sauti ya USB yenye bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa) ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde inakula milisekunde 2.7 kuingia na 2.7 kutoka, bado ubadilishaji wa sauti wenyewe na programu. Jumla inaelekea 10. Ongeza 6 za transmita, na kidole kinaanza kuhisi kama kinavuta kitu kizito, hasa kwenye solo za haraka. Anayefanyia mazoezi kwenye kompyuta abaki na waya, au ashushe bafa hadi 64 kama mashine inavumilia.

Halafu kuna Bluetooth. Asikuuzie mtu transmita ya Bluetooth ya muziki, au spika ya Bluetooth, eti "ni wireless pia". Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti milisekunde 150 na kuendelea. Kwa kusikiliza nyimbo ni sawa. Kwa kupiga gitaa ni sawa na kuongea na simu inayokurudishia mwangwi wako mwenyewe. Vifaa vya gitaa vya gigahezi 2.4 vinatumia masafa yale yale lakini kwa utaratibu wao wenyewe, ndiyo maana ni vya haraka. Kama boksi limeandikwa Bluetooth tu, rudisha.

Namba ya kuchelewa iliyo boksini unaweza kuihakiki mwenyewe nyumbani bila kulipa mtu. Weka simu sentimita 10 kutoka kwenye nyuzi, spika ya amplifaya sentimita 30 kutoka kwenye simu, sauti ya chini. Zima nyuzi kwa kiganja cha kushoto, kisha gonga mara tano kwa piki huku simu ikirekodi: kwanza kwa waya, halafu kwa kifaa kipya, bila kusogeza kitu hata kimoja. Fungua rekodi kwenye Audacity, ambayo ni ya bure, na ukuze picha ya mawimbi. Utaona mgongo mdogo wa piki kwenye uzi, halafu mgongo mkubwa wa spika. Pima nafasi kati ya migongo hiyo kwenye rekodi zote mbili, kisha toa ya waya kwenye ya kifaa. Kinachobaki ndicho kuchelewa kwa kifaa chako. Kikizidi milisekunde 8 huku boksi likisema 4, una haki ya kurudi dukani na picha mkononi.

Masafa nayo yana mambo yake. Vya bei nafuu viko makundi mawili, gigahezi 2.4 na 5.8. Kwenye 2.4 mnabanana na Wi-Fi ya nyumba nzima, oveni ya maikrowevu, na hata diski ya nje ya USB 3.0 iliyo karibu, ambayo hutoa kelele za redio katika eneo hilo hilo. Dalili yake si mvumo. Ni sauti kukatika kama mtu anayebonyeza swichi, kisha kurudi. Mwili wa binadamu nao, kwa kuwa umejaa maji, unayanyonya mawimbi haya: ukiipa amplifaya mgongo na transmita ikawa tumboni, umejenga ukuta. Katika nyumba za ghorofa zenye ruta kila mlango, ningeelekea 5.8. Kwenye nyumba yenye ruta moja au isiyo nayo kabisa, 2.4 inatosha, ila risiva ikae mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, isiwe juu yake. Simu ya kwenye mfuko wa mbele wa suruali, sentimita chache kutoka kwenye transmita, isogeze mfuko wa nyuma.

Mitumba ya UHF (masafa ya redio ya chini ya hayo), zile zenye boksi la kuvaa kiunoni, kuwa nazo makini. Nyingi za zamani zilitengenezwa kwa megahezi 700 na 800, na masafa hayo sehemu kubwa ya dunia wamepewa watu wa simu. Marekani ilipiga marufuku maikrofoni zisizo na waya kwenye sehemu kubwa ya megahezi 600 kuanzia Julai 2020, kwa hiyo vifaa hivyo vinasafiri kwenda kutafuta wanunuzi kwingine. Urahisi wa bei yake unaeleweka.

Sasa gitaa lako. Tundu la Strat limezama ndani ya kile kibakuli cha chuma kilicholala upande wa juu wa mwili. Transmita nyingi za bei nafuu zina pini inayozunguka, lakini nyingine ni nene shingoni. Pini inaishia milimita 2 kabla ya kubofya, na sauti inakuja nusu au haiji kabisa. Kabla ya kulipa, ichomeke kwenye gitaa la umbo hilo hilo pale dukani na usikilize ule mlio wa "tak". Ukiagiza mtandaoni, tafuta picha ya pini ikiwa imenyooshwa, maana picha iliyokunjwa haionyeshi kitu. Magitaa ya umbo la Les Paul na mengine yenye tundu la ubavuni hayana shida hii, ila transmita inayochomoza pembeni ndiyo ya kwanza kugonga kiti.

Pikapu ni sura ndefu kidogo. Waya wa gitaa una uwezo wa kuhifadhi chaji, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na huo ukiungana na pikapu za kawaida hupunguza ukali wa juu. Waya wa mita 6 unalainisha sauti na masikio yameshauzoea. Ukichomeka transmita, waya umetoweka, na gitaa linalia kama lina kioo ndani. Wengi hudhani kifaa ni kibovu. Shusha kitufe cha toni kutoka 10 hadi 8 au 7, mambo yanakaa. Boss walilijua hili: WL-20 inaiga waya wa mita 3, na WL-20L haiigi, kwa ajili ya pikapu zenye betri na magitaa ya akustika yenye piezo (kihisi cha mtetemo). Usizichanganye, "L" moja tu kwenye boksi ndiyo inayozitofautisha.

Wenye pikapu za betri ya volti 9 wana tahadhari mbili. Baadhi ya transmita za bei ya chini hupiga mluzi mwembamba kwenye pikapu hizo, kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Halafu, kwenye magitaa hayo pini ndiyo swichi ya betri. Transmita ikiachwa imechomekwa usiku kucha, hata ikiwa imezimwa, betri ya gitaa inaliwa hadi asubuhi. Ichomoe.

Kwa wapenzi wa pedali za fazi, zile za kukwaruza sauti, za aina ya zamani: hizo hupenda kuongea na pikapu moja kwa moja. Risiva ikikaa katikati, ukishusha volyumu ya gitaa sauti haisafiki kama ilivyokuwa. Hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Siku ya fazi tumia waya.

Betri za ndani ni lithiamu na adui yake ni joto na njaa. Zisilale ndani ya begi kwenye gari juani, na zisikae miezi zikiwa sifuri. Xvive U2 hudumu kama saa 5, Boss karibu saa 10, na NUX B-5RC inakuja na kisanduku chake cha kuchajia. Ukichajia pawabenki umeme ukikatika, utakuta pawabenki inajizima yenyewe: vifaa hivi huvuta umeme mdogo mno, nayo inadhani hakuna kilichochomekwa. Chomeka simu pamoja nacho. Kama chaja ya Type-C pande zote mbili haikichaji, tumia waya wa USB ya kawaida kwenda Type-C, maana vya bei nafuu mara nyingi hukosa vile vikinza viwili vidogo vinavyoiambia chaja ifungue umeme. Na usipige huku risiva inachajiwa ukutani, mvumo utakaousikia unatoka kwenye chaja.

Kwa chumba kimoja, Strat yenye pikapu za kawaida na wati 15, chukua pea ya 5.8 isiyo na jina kubwa, ya dola 30 hadi 60 kabla ya usafiri na ushuru, mradi pini inabofya na duka linakubali kurudishiwa. Xvive U2, yenye chaneli 4, inaanza kuwa na maana mkiwa wapigaji wawili chumbani. Boss, karibu dola 200, inunue ukiwa pia unapiga kanisani au kwenye bendi. Kwa kupiga chumbani tu pesa hiyo inatosha kukuletea amplifaya nzuri zaidi, na tofauti utaisikia kuliko ya milisekunde 3.

Kikifika, chaji hadi taa ibadilike, kisha acha amplifaya safi bila distoshani na upige kodi ya E kwa nguvu zote. Ikikwaruza, pikapu zako zinazidi uwezo wa transmita: shusha volyumu hadi 8, ujaribu tena. Nyamaza sekunde 20 usikilize kama kuna "shii". Washa maikrowevu kama ipo. Geuka, ipe amplifaya mgongo. Yote hayo yafanye siku ya kwanza, risiti ikiwa mkononi na boksi halijachanika.