Jibu: Kwa nini ufunguo wa G unageuka kuwa "&"

Mwalimu, umeuliza kwa nini nota za kwaya yako zikifunguliwa kwenye kompyuta ya parokia zinaonyesha "&" mwanzo wa mstari badala ya ufunguo wa G (alama inayoonyesha nota zipi zinakaa kwenye mistari), na kama uhamishe faili zako za Finale (programu ya kuandikia nota) sasa.

Nota zako hazijaharibika. Fonti za zamani kama Maestro ziliweka alama za muziki kwenye nafasi za herufi za kawaida: ufunguo wa G ulikaa kwenye "&", wa F kwenye "?". Kompyuta ikikosa fonti hiyo, inakuonyesha herufi tupu. Mpango wa SMuFL, utaratibu wa pamoja wa kupanga alama kwenye fonti za muziki, uliondoa tatizo hilo kwa kuipa kila alama namba yake. Ufunguo wa G ni E050, iwe ni Bravura au fonti nyingine inayofuata mpango huo.

Kuhamisha, hamisha leo hii, nakusihi. Finale ilisitishwa Agosti 2024, na kompyuta yako ikifa, kazi ya miaka inaweza kufungiwa kwenye faili za Finale. Toa kila wimbo kwa MusicXML, aina ya faili inayosomwa na programu nyingi za nota. Faili hiyo haihifadhi picha, inahifadhi maana: hii ni G ya oktava ya 4, robo, silabi "Bwa", inaungana na "na". Programu za MuseScore, Dorico na Sibelius zote zinaisoma. Mpangilio wa ukurasa unaweza kuyumba, hivyo kagua hasa maneno ya beti ya pili na ya tatu. Weka na PDF pembeni, yenye fonti ndani yake, ya kulinganishia.