Aqua haina klachi ya kubadilisha, mkuu

Mkuu, umesema fundi amekuambia klachi ya Toyota Aqua yako, gari la haibridi lenye injini ya petroli na mota mbili za umeme, imekwisha kwa sababu gari linatetemeka injini ikiwaka, na unaulizia bei. Usitoe hela kwanza.

Mimi nilitoa. Aqua yangu ilitetemeka hivyohivyo, giaboksi ikashushwa, nikaonyeshwa diski yenye springi. Kwa macho ni klachi kabisa, ila kazi yake ni kunyonya mshtuko wa injini. Haina pedeli, haina beringi ya kuiachia. Ugonjwa ulikuwa koili ya plagi moja. Iliniuma sana, ndiyo maana nikakaa chini kuisoma hiyo giaboksi.

Ndani kuna gia ya katikati inayoitwa jua, gia ndogo zinazoizunguka, yaani sayari, na pete ya nje. Injini imeshika kibebeo cha sayari, mota ya kwanza imeshika jua, mota ya pili na matairi wako upande wa pete. Meno yameng'atana muda wote. Ukiwa kwenye foleni pete imetulia, injini inaunguruma, na jua linazunguka kufidia tofauti. Kazi ambayo gari la gia za mkono linaiachia klachi, hapa inafanywa na hesabu ya meno. Kwenye Prius, haibridi nyingine ya Toyota yenye mfumo huu, jua lina meno 30 na pete 78, hivyo karibu asilimia 72 ya msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa injini huenda kwenye pete na 28 kwenye jua. Mota ya kwanza ndiyo stata. Rivasi ni mota ya pili kuzunguka kinyume tu. Hadi leo napenda akili hiyo!

Wahandisi Berman, Gelb na Richardson wa kampuni ya TRW, Marekani, walipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya mfumo wa namna hii mwaka 1971. Timu ya Takeshi Uchiyamada, mhandisi wa Toyota, ikaingiza Prius sokoni Japani Desemba 1997.

Ungekuwa na Honda Vezel haibridi ya 2013 ningejibu tofauti: ile ina klachi mbili kavu na gia saba, klachi za kweli zinazolika.

Kwa Aqua yako, anza na mashine ya kupima, usome silinda ipi inakosa moto, ubadilishane koili uone kama kosa linahama. Na ikibidi kuvutwa, matairi ya mbele yanyanyuliwe, kwa sababu yakizunguka yanazungusha mota.