Kugeuza viwanda vya silaha kuwa vya bidhaa za raia

Ndugu, umeuliza kwa nini kiwanda cha silaha cha serikali, chenye mashine nzuri na mafundi hodari, hushindwa kutengeneza bidhaa za raia kwa faida. Kwa maoni yangu kikwazo kikubwa ni mazoea: kiwanda hicho kimemzoea mteja mmoja, yaani jeshi, ambaye hudai ubora wa juu na kulipa gharama zake, ilhali mnunuzi wa kawaida hutazama bei kwanza. Mikhail Gorbachev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, alipozungumzia kugeuza viwanda vya silaha kuwa vya bidhaa za raia mbele ya Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 1988, viwanda vingi vya Kisovieti vilikuwa vikipangiwa bidhaa kwa amri kutoka juu, bila kuulizwa nani angezinunua; miaka ya 1990 fedha zikakauka na mafundi wengi wakaondoka, jambo linalonisikitisha hadi leo.

China ilifanikiwa zaidi, kwa kuwa wananchi walikuwa na kiu ya bidhaa. Kiwanda cha silaha cha Jialing mjini Chongqing kiligeukia pikipiki mwaka 1979. Hata hivyo, viwanda vilivyojengwa mafichoni milimani enzi za kiongozi Mao Zedong vilitaabika, kwani usafirishaji ulimeza faida. Ningeanza na soko na mafunzo ya mameneja kabla ya kugusa mashine.