Redi doti kwenye shotgani, au jinsi nilivyopata jina la Baghdad

Juzi usiku kijana mmoja wa Arua kaniandikia meseji: "Afande shikamoo, mjomba kanipa redi doti, nataka kuifunga kwenye shotgani ya mzee, leseni anayo, nianzie wapi?" Redi doti ni kile kioo kidogo cha kulengea kinachofungwa juu ya bunduki, ukichungulia unaona nukta nyekundu ya mwanga. Nikaanza kumjibu mistari miwili, ikawa mitano, ikawa kumi, mwisho nikaona heri niandike hapa, maana hilo swali limenigusa kwenye kidonda na kidonda chenyewe bado hakijafunga vizuri.

Wanaonijua wanajua nilikaa Iraq miaka mitatu, mlinzi wa getini, kama Waganda wengine maelfu tuliopelekwa kule. Redi doti niliiona kule, kwenye bunduki za Wamarekani, kila siku asubuhi mpaka jioni. Sasa niliporudi nikapata kazi ya kubeba na kusafisha bunduki kwenye kambi moja ya wawindaji huku Kiruhura, pembeni ya Ziwa Mburo, nilijiona profesa. (Uwindaji wa leseni ulirudishwa upande huu mwaka 2001 na UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, ndo wenye kutoa ruhusa, kwa hiyo wewe wa gobole na mitego ya waya usinitafute, sina cha kukuambia.)

Mgeni mmoja akaondoka akaacha redi doti yake ndogo, ile ya betri ya duara kama sarafu. Bosi akasema ifunge kwenye shotgani ya kambi, Mossberg 500 ya pampu, geji 12, mgeni mwingine anakuja keshokutwa. Hiyo pampu juu ina matundu manne kutoka kiwandani, yamezibwa na viskrubu vidogo. Unavitoa, unaweka reli, yaani kile kipande cha chuma cha kushikilia, unakaza, juu ya reli unapanda redi doti. Kazi ya nusu saa, nikasema. Na kweli ilinichukua nusu saa, hilo ndo lilikuwa kosa.

Bunduki nilikuwa nimetoka kuipaka mafuta. Matundu yamejaa mafuta, skrubu zina mafuta. Gundi ya skrubu haishiki kwenye mafuta, hilo nililijua, ila spiriti kambini hakuna na mjini ni mbali, basi nikachukua waragi ya mpishi nikafutia. Usicheke. Waragi zaidi ya nusu yake ni maji bana, inatandaza mafuta tu, haiyatoi. Nikatia Loctite ya bluu, ndo gundi yenyewe ya skrubu, nikakaza kwa bisibisi mpaka mkono ukasema basi. Ile gundi inataka masaa 24 ndo ikauke sawasawa, mimi nilimaliza saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi tuko porini. Kupiga karatasi kwanza kujaribu? Karatasi ya nini, mtu wa Baghdad! Niliilenga kwenye mti nikaona doti inang'aa vizuri, nikasema tayari.

Asubuhi tukakuta kanga kama kumi na tano wanakwaruza chini ya mgunga, hatua 25 hivi, si mbali. Mgeni kapiga. Vumbi likaruka kwenye kichuguu, kulia, mbali kabisa na kanga. Wakakimbia kidogo wakasimama, si unajua kanga walivyo, kapiga tena, kichuguu tena. Akavuta pampu mara ya tatu ikakwaruza, kumbe skrubu ya mbele ilikuwa ndefu kidogo imechungulia ndani inagusa boliti, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma ukivuta pampu, na mimi hiyo sauti nilikuwa nimeisikia tangu asubuhi nikadhani ni vumbi. Yule mzungu hakusema neno. Akaweka kidole gumba juu ya redi doti, akaisukuma hivi, ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Bosi akaniangalia, akawaambia wote: "Huyu ndo fundi wetu wa Baghdad." Mpaka mpishi alicheka, mpishi ambaye waragi ilikuwa yake! Wiki mbili nikawa nachota maji ya kuogea wageni. Hadi leo vijana wa boda pale senta hawajui jina langu, wanasema Baghdad, unaenda?

Sasa wiki iliyopita kaja mzee mmoja kutoka Missouri, huko kwao anawinda bata mzinga wa porini kila masika, na shotgani yake ina redi doti. Nikamuuliza kwa nini, maana shotgani tumezoea kuona ina kishanga tu, kile kidoti cha kulengea mbele ya mtutu. Akanieleza vizuri sana. Bata mzinga hawamfuati, wanamwita. Unakaa chini umeegemea mti, unamlilia kama jike, anakuja polepole mpaka anasimama kanyoosha shingo, na wewe unapiga kichwa na shingo tu, risasi moja. Wanafunga choki, kile kifaa cha mdomo wa mtutu kinachozuia gololi zisitawanyike, tena ya kubana kabisa, na siku hizi wanatumia gololi za tungsten ambazo uzito wake ni gramu 18 kwa kila sentimita moja ya ujazo wakati gololi za kawaida za madini ya risasi ni 11 na kidogo, kwa hiyo gololi ndogo kabisa ya namba 9 inaua yadi 40. Lakini ukibana hivyo, ndege akiwa karibu zile gololi zinaenda zimeshikana kama ngumi, ukikosea kidogo umekosa zote. Tena kwenye kishanga ukiinua shavu kidogo kwenye kitako kwa hamu ya kumwona ndege, unapiga juu. Ndo maana ya ile doti. Halafu macho ya uzee, akasema, kishanga na ndege hawaonekani pamoja tena.

Begi lake lilikuwa limetupwa-tupwa kwenye ndege, akataka tuikague bunduki. Safari hii nilinyamaza, nikatii. Tulichukua boksi la sabuni, tukabandika gazeti la zamani la Bukedde, nikachora duara kwa sahani ya plastiki, sentimita 25. Hatua 20 kwanza na risasi za bei nafuu, bunduki imekaa juu ya gunia la mchanga. Kisha yadi 40, kama mita 36, na zile risasi za kuwindia zenyewe, kwa sababu kila risasi ina tabia yake. Huangalii tundu moja, unatafuta katikati ya wingu lote. Lake lilikuwa limehama kushoto kama sentimita 20. Kliki moja ya kile kiskrubu cha kurekebisha doti ni MOA 1, kipimo cha pembe, yaani karibu sentimita 3 kwa mita 100, kwa hiyo kwa mita 36 ni sentimita moja hivi. Kliki 20 kulia. Tukapiga tena mara mbili kuhakikisha. Gazeti likabaki na shimo kubwa pale palipokuwa na uso wa mheshimiwa fulani, haikuwa makusudi.

Kesho yake kanga wawili, risasi mbili. Bosi hakusema kitu. Mimi pia sikusema kitu, ila nilitembea kwa madaha kidogo.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Arua, na nyinyi wote mnaotaka kufunga, cha kwanza ni karatasi. Piga karatasi. Doti inakuonyesha jicho lako linaangalia wapi, haijui gololi zinaenda wapi, atakayejua ni karatasi. Skrubu safisha na spiriti ya duka la dawa, gundi ya bluu si nyekundu, acha ilale usiku na mchana. Ukishakaza vuta pampu mara kumi, ikikwaruza skrubu ni ndefu, usijidanganye ni vumbi. Redi doti isukume mbele kwenye reli kabla ya kukaza, maana bunduki ikipiga teke inarudi nyuma na ile inataka kubaki palepale, ikipata nafasi inateleza. Mwanga punguza, nukta iwe nukta, isiwe jua. Macho yote mawili wazi. Halafu piga karatasi, nimeshasema? Vijana tuna ugonjwa wa kujua. Umeona kitu mara mia unadhani umekifanya mara mia, mimi Iraq nilikuwa naangalia redi doti za watu, hata moja sikuwahi kuifunga, na sikumwambia bosi hivyo kwa sababu ya kiburi. Uliza! Kuuliza hakukuvunji mguu.

Ukimaliza nitumie picha ya gazeti lenye matundu. Picha ya wewe na bunduki sitaki, hizo ninazo zangu nyingi za kule.