Mtoto yuko PCB (fizikia, kemia na baiolojia, kidato cha tano na sita) na mwalimu wa fizikia haingii darasani

Pole dada, hilo la mwalimu kuonekana mara moja kwa wiki nalijua, mdogo wangu kapitia hukohuko. Usikimbilie tuisheni ya watu mia, hela inaenda halafu dogo anarudi na notsi tu. Ingia tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) mshushe fomati ya mtihani na zile ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, humo wanaonyesha kabisa watu walikosea wapi na kwa nini (ajabu wengi hata hawajui zipo), kisha afanye pepa za nyuma kwa kupima muda, bila kuchungulia majibu. Prakitiko msisahau, kama maabara ya shule imekufa muombeeni nafasi shule jirani wikiendi. Na BAM, ile hesabu ya ziada wanayosoma watu wa PCB, asiidharau jamani.