Nimepunguza wanga bila daktari kujua. Nimwambieje?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 52 na kisukari aina ya pili, huu mwaka wa sita. Natumia metformini asubuhi na jioni, glibenklamidi, na kidonge cha presha. Mdogo wangu naye ana kisukari. Alipunguza wanga, akapungua mwili na sukari yake ikatulia. Nilipomgusia daktari wangu jambo hilo hakuinua hata macho: "Wewe meza dawa, kula mlo kamili." Nikanyamaza, kisha nikaanza kimyakimya. Sukari ya asubuhi imeshuka kweli, lakini juzi usiku niliamka natetemeka, jasho limenilowesha, mashine ikasoma 3.2. Je, nimwambie daktari, au atanifokea? Naweza kuacha kidonge cha jioni mwenyewe? Na binti yangu anataka tuingie wote chumbani kwa daktari. Nisije nikaonekana nimekwenda na mashahidi.
Mama Mnyamavu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilifanya uuguzi kliniki ya kisukari mpaka nilipostaafu, na katika barua yako yote jicho langu limekwama kwenye hiyo 3.2. Sukari ikiwa chini ya 4.0 kwa mtu anayetumia dawa kama zako, imeshuka mno, na kushuka usingizini ndiko ninakokuogopa zaidi kwa sababu si kila mtu huamka. Kwa hiyo usingoje tarehe yako ya kliniki. Piga simu au nenda leo, useme maneno haya tu: "Natumia glibenklamidi, nimepunguza wanga, na usiku sukari ilishuka mpaka 3.2." Muuguzi yeyote wa kisukari akisikia hivyo atakusogeza mbele ya foleni.

Mpaka utakapozungumza nao, rudisha wanga kwenye sahani kama ulivyokuwa ukila zamani. Najua itakuuma, maana umeanza kuona matunda. Lakini dozi yako ilipangwa kwa chakula kile cha zamani. Glibenklamidi hulichochea kongosho litoe insulini, ile homoni inayoshusha sukari, uwe umekula mkate au umekula mboga tupu. Na kazi yake ni ya saa nyingi, ndiyo maana ulichokimeza mchana kinaweza kukuangusha usiku wa manane. Ikishuka tena, koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, upime baada ya dakika 15, urudie kama bado iko chini ya 4.0. Ikipanda, kula kitu chenye wanga kabla ya kulala, kwa sababu kidonge bado kimo mwilini. Waliomo nyumbani wajue kwamba ukizimia hawakunyweshi kitu chochote; wanakukimbiza hospitali.

Kuhusu kukiacha kidonge cha jioni mwenyewe: hapana. Hukuniambia ni kidonge kipi, na hapo ndipo penye hatari. Metformini peke yake ni nadra sana kuishusha sukari kupita kiasi. Ukiacha hiyo ukabaki na glibenklamidi, utakuwa umeondoa isiyo na kosa.

Sasa muulize mdogo wako anatumia dawa gani. Huenda ni metformini tu, na kama ni hivyo, alipunguza wanga bila kuona msukosuko wowote. Wewe na yeye mmekula sahani moja mkiwa na dawa tofauti. Wasomaji wengine wanaotumia gliklazidi, glimepiridi au insulini wako upande wako wewe. Na wale ambao jina la dawa yao linaishia na "gliflozin" wana hatari yao nyingine: wakibana wanga sana, asidi ya ketoni, ambayo mwili huitengeneza unapochoma mafuta badala ya sukari, inaweza kujaa kwenye damu huku mashine ya sukari ikisoma namba nzuri tu. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuhema kwa nguvu kwa mtu wa namna hiyo ni safari ya hospitali, hata kama sukari yake ni 8. Na mwenye kisukari aina ya kwanza asithubutu kuacha insulini kwa sababu yoyote ya chakula.

Tuje kwa daktari wako. Sitamtetea kwa kutokuinua macho. Mgonjwa anayeleta wazo anastahili kutazamwa usoni. Ila naamini ulimuuliza swali ambalo ni rahisi kulikataa. Ukiuliza "je, mlo huu ni mzuri?", jibu la haraka ni "kula mlo kamili". Badala yake mwambie: "Daktari, nataka kupunguza wanga mpaka kama gramu 130 kwa siku. Kati ya dawa zangu ni ipi ipunguzwe, kiasi gani, na kuanzia siku gani?" Hilo ni swali la dozi, nalo ni kazi yake, hawezi kulijibu bila kufungua faili lako. Taja gramu, kwa sababu "kupunguza wanga" kwa mmoja ni kuacha soda, kwa mwingine ni gramu 30 kwa siku nzima, na dawa hazibadilishwi sawa kwa hao wawili. Ili upate picha: kipande kimoja cha mkate kina kama gramu 15, kikombe cha wali uliopikwa kama 45.

Nenda na karatasi, si simulizi. Andika ulichokula siku chache mfululizo, na namba za mashine kabla ya kula na saa mbili baada ya kula. Iandike na ile 3.2 pamoja na saa yake. Beba boksi za dawa zote, hata za maumivu na za mitishamba. Kidonge cha presha pia kitaje kwa jina: wanga ukipungua mwili hutoa maji na chumvi nyingi, presha hushuka, na mtu huanza kuona kizunguzungu akisimama.

Usijione unamletea mambo ya vichochoroni. Kabla insulini haijagunduliwa Toronto mwaka 1921, kubana chakula, hasa wanga, ndiyo ilikuwa tiba waliyokuwa nayo madaktari. Na mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba kupunguza wanga ndiyo njia ya lishe yenye ushahidi mwingi zaidi wa kuteremsha sukari. Diabetes UK, shirika la kisukari la Uingereza, nao mwaka 2021 walikubali kuwa kwa aina ya pili ni salama na inafaa kwa muda mfupi. Huo "muda mfupi" usiuruke. Ukifika mwaka, faida kwa wengi hupungua, na sehemu ya sababu ni kwamba mlo wenyewe ni mgumu kuushikilia.

Akikataa, muulize: "Kwa mwili wangu mimi, unaogopa nini?" Kisha umsikilize kweli. Akitaja figo, ana hoja. Akitaja macho, vilevile ana hoja, kwani sukari iliyokuwa juu siku nyingi ikishuka ghafla inaweza kuzidisha kwa muda madhara yaliyokwisha kuanza ndani ya jicho. Muombe kwanza kipimo cha figo, mkojo, mafuta ya damu, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita), na uchunguzi wa macho. Mafuta na HbA1c virudiwe baada ya miezi mitatu. Lakini asipokuwa na sababu zaidi ya "hatufanyi hivyo", omba rufaa kwa mtaalamu wa lishe au daktari mwingine. Haki hiyo unayo, wala si utovu wa adabu.

Kufoka? Huenda akafoka kidogo. Kwa uzoefu wangu, wengi hasira zao huishia pale wanapoona namba zimeandikwa na mgonjwa amekuja mwenyewe kusema. Ukificha, atasoma HbA1c iliyoshuka, adhani ni vidonge vinafanya kazi, aendelee kukupa vilevile.

Binti yako aingie. Mpe kazi moja tu: aandike dozi mpya ya kila dawa na tarehe ya kuanza, amsomee daktari alichoandika, kisha aulize namba ya simu ya kupiga sukari ikishuka usiku.